Dirisha la Ukuta wa Pamoja

Mkiitwa kutazama nyumba ya zamani, wanangu, msianze kwa kutoa futi kamba. Ombeni kiti kwanza. Kaeni ndani mpaka macho yazoee, maana nyumba zile zina giza hata saa sita mchana, na hilo giza ndilo linaloleta ubaridi ambao kila mgeni anausifia. Halafu inukeni mgonge ukuta kwa kifundo cha kidole, taratibu, mkitoka chini kwenda juu. Pakilia kwa sauti nzito, kama kifua cha mtu mwenye afya, lipu imeshika. Pakilia kama debe tupu, lipu imeshaachana na ukuta, inasubiri tu siku yake ya kuanguka. Vipimo mtachukua baadaye. Vipimo havikimbii.

Mimi ni Leokadia, mzaliwa wa Mabawe wilayani Ngara, na nimestaafu kwa sababu magoti yalistaafu kabla yangu. Mikono bado ingeendelea. Nimefanya kazi ya kuponya nyumba za zamani Ngara na Biharamulo: nyumba za misheni za mawe, nyumba za wafanyabiashara mjini, na nyumba za kawaida ambazo mtu alizaliwa humo na hataki kufia kwingine. Watu huniuliza mwanamke aliingiaje kwenye kazi hiyo. Kwetu hakuna cha kushangaza. Kupaka nyumba ilikuwa kazi ya wanawake. Mama yangu alinifundisha kupaka ukuta kwa udongo na samadi ya ng'ombe kabla sijaijua a wala be, na kiganja changu kilijua udongo uliokolea maji kabla hakijajua kushika kalamu.

Enzi za kambi za wakimbizi nilipata kibarua cha kubeba maji na mchanga kule Benaco. Huko ndiko Mzee Salvatori alikoniona nikilainisha sakafu kwa kiganja. Alikuwa mwashi na seremala kwa pamoja, alijifunzia kwenye karakana ya misheni tangu kijana. Akaniuliza nimejifunza wapi. Nikamwambia nyumbani.

"Basi nusu ya kazi unayo," akasema. "Nusu nyingine ni kuacha halaka."

Aliitamka hivyo, halaka. Na alipoona nimezidisha maji kwenye udongo alisema nimemwaga mto Luvubu wote, akimaanisha Ruvubu. Nilikaa naye miaka mingi mpaka alipofariki, na sijawahi kumsikia akimpigia mtu kelele kwa kukosea. Badala yake alituhadithia makosa yake mwenyewe. Alilopenda zaidi ni la dirisha la padri. Alikuwa bado mwanafunzi, akapewa dirisha la mbao alitengeneze, lile lenye vibao vya mshazari vya kupitisha hewa. Akaliranda vizuri, akalirudisha kichwa chini miguu juu. Vibao vikaelekea ndani badala ya nje. Mvua ya kwanza ikaingia yote kitandani kwa padri. Padri hakumgombeza. Alimwambia, "Salvatori, leo tubadilishane vyumba." Kulipokucha dirisha lilikuwa limeshageuzwa, na Salvatori alikuwa amelowa.

Tangu hapo hakung'oa kitu bila kukitia alama ya juu na chini. Sisi tulitumia mkaa. Ninyi mna simu, kwa hiyo pigeni picha kabla ya kung'oa. Pigeni ya karibu, kisha rudini nyuma mpige nyingine, mwone kitu kilivyokaa na wenzake. Picha ya karibu peke yake inadanganya.

Sasa niwaambie kuhusu saruji, kwa sababu kuna watu wanasema Leokadia anaichukia. Siichukii. Nyumba yangu mwenyewe ya Mabawe ni ya saruji. Lakini nyumba nyingi za zamani za Biharamulo mjini zimejengwa kwa matofali mabichi, ya udongo mtupu. Udongo unakunywa maji kutoka chini na kuyatoa nje polepole, siku nenda siku rudi. Ukiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea. Ni kama kumvika mtu koti la mpira halafu umwambie akalime. Kwa nje ukuta unang'aa, kwa ndani unaoza. Na wanaofanya hivyo wengi hufanya kwa mapenzi mema kabisa. Huyu nitakayewaambia habari zake alifanya kwa mapenzi ya mama yake.

Jina lake Hashimu, anauza vipuri vya magari Mwanza. Alinipigia simu kiangazi kilipoanza. Mama yake, Bi Zainabu, alikuwa akiishi Biharamulo katika nyumba iliyojengwa na babu yake Hashimu, mfanyabiashara aliyetoka pwani akapitia Tabora mpaka akafika huku na hakurudi tena.

"Mama anakohoa," Hashimu aliniambia. "Ukuta wa chumbani kwake unatoa maji, na una ufa wa kupitisha kidole. Nataka niivunje nimjengee ya kisasa, yeye hataki kusikia. Njoo utazame. Ukisema inapona, itengeneze. Ukisema haiponi, naivunja kabla ya mvua, na wewe ndiye utakayemwambia. Mimi nimeshindwa."

Nikapanda basi kupitia Nyakahura. Nyumba niliipenda kabla sijaingia. Ilikuwa na baraza pana mbele, nguzo nene za duara, na mlango wa mbao mbili za mninga zilizokuwa zimenakshiwa pembeni maua madogo, yaliyolainika kwa kuguswa na mikono ya watu. Bi Zainabu alikuwa amekaa barazani, mwanamke mwembamba, kanga mbili, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyeletwa kunivunjia?"

"Nimekuja kutazama tu."

"Basi kaa. Tazama ukiwa umekaa."

Chumbani kwake kulikuwa na harufu ya ukungu. Hashimu alikuwa ameagiza lipu ya saruji chumba kizima baada ya matanga ya baba yake, ili mama apate chumba cha kuvutia. Chini ilikuwa imetokwa na malengelenge, na ufa ulipanda kwa mshazari kutoka usawa wa kifua. Nikaanza kugonga. Sauti ikawa ile ile ya debe, halafu ghafla ikawa kavu na ngumu, kama nimegonga jiwe. Nikaifuata kwa kidole. Ilikuwa na pembe nne.

"Mama, hapa palikuwa na nini?"

Alikuwa anakunja mkeka.

"Dirisha."

"La kutazama wapi?" Niliuliza hivyo kwa sababu nyuma ya ukuta ule hakukuwa na nje. Kulikuwa na nyumba nyingine, iliyoshikana na hii.

"Kwa wifi yangu," akasema.

Akanieleza, akiwa bado ameshika ule mkeka. Mkwewe alijenga nyumba mbili kwa mpigo, moja ya mwanawe wa kiume, ambaye ndiye mume wa Bi Zainabu, na moja ya binti yake, Bi Mwajuma. Katika ukuta wa pamoja, kati ya vyumba vya wanawake, akaacha dirisha. Hapo walipitishiana makaa ya moto, vyungu, na hata watoto wachanga. Kisha binti wa Bi Mwajuma akachumbiwa na mwalimu Mkatoliki wa Ngara, na mama yake akaridhia. Kaka mtu hakuridhia. Alisema maneno, Bi Mwajuma akamjibu, na kesho yake yule kaka akaleta fundi na matofali ya kuchoma, dirisha likazibwa.

"Mimi niliwapikia mafundi chai," Bi Zainabu akasema. "Nilichofanya siku ile ni hicho. Mume wangu ameshatangulia mbele ya haki, wifi yangu na mimi tunasalimiana barabarani. Hatugombani. Ila hatuingiliani."

Hapo mimi nilikuwa na jambo la ufundi na jambo la watu, yameshikana kama zile nyumba. La ufundi lilikuwa wazi: tofali la kuchoma na saruji ni kitu kizito na kigumu, na kiliwekwa katikati ya ukuta laini bila kushikanishwa. Ukuta uliposhuka kidogo, kama kuta zote zinavyoshuka, kile kizibo hakikushuka nao. Ndipo ufa ulipoanzia. Ilikuwa lazima kitoke. Nilimweleza Hashimu kwenye simu, pamoja na ubaya wa lipu yake ya saruji. Nikamwambia alifanya ambalo kila mtoto angefanya. Akasema, "Haya, toa hivyo vitu. Kisha ziba upya kwa tofali bichi."

Lakini ukuta wa pamoja hauguswi kwa ruhusa ya upande mmoja. Shikeni hilo, hata kama aliyewaita ndiye mwenye kulipa. Nikazunguka barabarani mpaka mlango wa nyumba ya pili. Nilifikiri niifiche rozari yangu ndani ya gauni, kutokana na habari niliyokuwa nimeisikia. Nikaiacha.

Bi Mwajuma alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, anasuka ukili. Tulipomaliza kusalimiana akaitazama ile rozari.

"Mkwe wangu anayo kama hiyo," akasema. "Yake ya mbao. Kaa."

Nikamweleza kuhusu ufa. Akasikiliza mpaka mwisho, akainuka, akanipeleka chumba cha ndani. Nilitegemea kuona ukuta. Niliona dirisha. Mbao mbili za mninga, zimefungwa, komeo la chuma mahali pake, hakuna hata utando wa buibui. Bawaba zilikuwa nyeusi kwa mafuta.

"Waliziba upande wao," Bi Mwajuma akasema. "Huku hakuna aliyegusa."

"Na unazipaka mafuta?"

"Zikikauka zinapiga kelele."

"Lakini mama, si halifunguki?"

Akavuta komeo, akazifungua zote mbili. Nyuma yake kulikuwa na migongo ya matofali na saruji iliyochuruzika ikakaukia hapo.

"Nafungua kila nikifagia," akasema. "Naona matofali, nafunga. Kwangu mimi ni dirisha." Akazirudisha. "Toeni matofali yenu. Hizi mbao zangu msiziguse."

Nimeona milango ya kifahari na ngazi za kuzunguka, lakini nikiulizwa ni kitu gani kilichohifadhiwa vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, ni lile dirisha, na si fundi aliyelihifadhi.

Kazi yenyewe ilianza kwa kuegemeza. Kabla ya kutoboa ukuta wa zamani, wekeni nguzo kwanza, hata kama unaonekana imara. Tulitumia mikaratusi minene, ubao juu yake, kabari chini, tukikaza kidogo kidogo. Halafu tukabandua saruji ya chumba kizima. Tindo hulazwa, wanangu. Ukiisimamisha unachoma udongo wa ndani, na ule udongo ndio nyumba. Chini ya saruji tukakuta chokaa ya zamani, tabaka juu ya tabaka, nyeupe, kisha bluu hafifu, kisha nyeupe tena. Bi Zainabu akagusa ile bluu akasema aliingia humo bibi harusi ikiwa rangi hiyo.

Matofali ya dirisha tuliyatoa kuanzia juu. Kabla ya la kwanza kutoka, Bi Zainabu alileta mkeka wake akakaa katikati ya vumbi, na hakukubali kutoka. Tofali kwa tofali, migongo ya zile mbao ikaanza kuonekana.

"Bado ni zile zile," akasema polepole.

Sikumwambia habari ya mafuta. Halikuwa neno langu la kusema.

Vumbi likamkaba, akaanza kukohoa, kikohozi kile cha kuinamisha mgongo. Kutoka upande wa pili, nyuma ya mbao zilizofungwa, tukasikia sauti.

"Mwondoeni huyo kwenye vumbi."

Haikuwa imeelekezwa kwake, ilielekezwa kwetu. Lakini Bi Zainabu, aliyekuwa amenikatalia mimi na wasaidizi wangu asubuhi nzima, aliinuka, akakunja mkeka wake, akatoka kwenda uani.

Hashimu alifika kutoka Mwanza tukiwa tumemaliza kutoa. Fremu ya zamani ilikuwa imebaki ndani ya ukuta, juu nzima kabisa, chini imeliwa na mchwa. Hapo fundi mwenye pupa angeing'oa yote aweke mpya. Sisi tulikata palipooza tu, tukaunga kipande cha mninga kwa kukata ncha zote mbili kwa mlalo, zikalaliana, tukazifunga kwa vigingi vya mti. Ukiangalia leo unauona mwungo. Nilitaka uonekane, ili atakayekuja baadaye ajue lipi ni la kwanza na lipi ni letu.

"Mama fundi," Hashimu akaniambia pembeni, "hiyo fremu ya nini? Si tumesema tunaziba? Mama na shangazi ni watu wazima. Wakae kama walivyozoea. Ukiwafungulia hapo watakumbushana mambo, na mimi siko hapa wa kuwasuluhisha."

Hakusema upuuzi. Mimi kama fundi nililitaka dirisha, nawaambieni ukweli, nililitaka sana. Lilikuwa sehemu ya nyumba tangu siku ya kwanza. Lakini hata kule kuzibwa kulikuwa kumeshakuwa sehemu ya maisha ya nyumba ile. Nani alinipa mimi mamlaka ya kuchagua? Nikaenda uani kwa Bi Zainabu, Hashimu akanifuata.

"Mama," nikasema, "naweza kuziba kwa tofali bichi na ukuta utapona. Naweza kuliacha dirisha na ukuta utapona vilevile. Mimi ningeliacha. Ila mimi nitapanda basi nirudi Ngara. Atakayelala chini yake ni wewe."

Alikuwa anachambua mchele. Hashimu akafungua mdomo, nami nikamgusa mkono anyamaze.

"Mara ya kwanza aliziba mume wangu," Bi Zainabu akasema. "Ukiziba sasa, nitakuwa nimeziba mimi."

Basi. Hashimu akavua shati la safari akapanda darini, mahali ambapo mimi nisingefika. Alishuka amejaa masizi, akatuambia maji ya mabati ya nyumba zote mbili yalikuwa yanakutana juu ya ukuta ule ule, hakuna mfereji, hakuna chochote. Mimi nilikuwa nimetazama ukuta kwa siku nyingi bila kuinua kichwa. Alinunua bati, akasimamia mwenyewe mpaka mfereji ukatoa maji yote nje barabarani. Chokaa yangu ilisifiwa sana na majirani, lakini mfereji wa Hashimu ndio uliofanya kazi kubwa. Tazameni juu pia.

Kuhusu chokaa yenyewe: tuliimwagia maji kwenye pipa lililokatwa, ikachemka yenyewe, tukaifunika ikalala mpaka ikawa laini kama mtindi. Mtu akiwaambia chokaa ya asubuhi inapakwa jioni, mwacheni apake kwake. Ufa tuliujaza kwa udongo wa ukuta ule ule tuliouokota chini, tukachanganya na wa kichuguu, tukalowesha kwanza kingo zake. Kisha tukapaka kwa tabaka nyembamba, kila moja ikikauka kwa nafasi yake. Ya mwisho Bi Zainabu aliomba iwe bluu hafifu.

Siku ninaondoka, dirisha lilikuwa tayari. Upande wa Bi Zainabu kulikuwa na fremu iliyotengenezwa na ukingo mweupe uliolainishwa kwa kiganja. Upande wa pili, mbao mbili zilizofungwa. Komeo lilikuwa kwa Bi Mwajuma, na Bi Mwajuma hakuwa amelivuta. Nilimuaga pale nyumbani kwake, akanishukuru kwa ustaarabu, hakutaja dirisha. Kwenye basi nilikuwa na uzito moyoni ambao kazi nzuri haiondoi. Ukuta unaweza kuutibu. Yaliyobaki unawaachia wenyewe.

Mvua zilipokwisha nilirudi, kama ninavyorudi kwenye kila kazi. Msikubali kuhesabu kazi ya ukuta kuwa imekwisha kabla haujanyeshewa msimu mzima. Nikaweka kiganja chini, juu, pembeni mwa fremu. Pakavu. Ufa haukurudi. Bi Zainabu alikuwa amekaa kitandani ananitazama, na katika muda wote ule alikohoa mara chache tu. Lakini mbao zilikuwa zimefungwa kama nilivyoziacha. Nikasema moyoni, basi, ndivyo ilivyo.

Tukanywa chai. Alinipa habari za Hashimu, za wajukuu, za bei ya mchele. Ndipo akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Wifi anasema mlango wake wa uani unakwaruza sakafu. Kwa kuwa upo, ukamtazamie."

Nikaweka kikombe, nikainuka kwenda mlango wa mbele.

"Unakwenda wapi?"

"Si kwa Bi Mwajuma?"

"Utazunguka barabara yote hiyo? Mpigie hodi hapo."

Nikapiga hodi kwenye zile mbao. Sauti ya upande wa pili ikasema nisubiri. Komeo likavutwa, mbao zikafunguka, na Bi Mwajuma akasimama pale ameshika sufuria ya ndizi kwa kitambaa, mvuke ukimpanda usoni. Hakunisalimu kwanza. Alinipitishia ile sufuria dirishani.

"Mpe huyo," akasema. "Mwambie haina chumvi. Daktari amemkataza, asianze kulalamika."

"Nimesikia," Bi Zainabu akajibu kutoka kitandani.